Kitabu Chako, Gharama Yako
Mhadhara kwa waandishi wa Jinja na Mbale



Mwaka 1922 Semei Kakungulu alichapisha kitabu. Watu wa Mbale mnamjua Kakungulu kama jemadari wa Kiganda aliyeuanzisha mji wenu. Miaka mitatu kabla ya kitabu hicho, mwaka 1919, alikuwa ameachana na Kanisa, akashika dini ya Kiyahudi yeye na wafuasi wake. Jumuiya yake changa ilihitaji sala na kanuni zake yenyewe. Misheni ndizo zilizoleta uchapaji Uganda tangu Alexander Mackay alipowasili Buganda na mtambo wake mwaka 1878, na sidhani kama kuna misheni ambayo ingemchapishia mtu aliyekwisha kuipa mgongo. Basi akatoa mwenyewe kijitabu cha Luganda chenye kurasa kama 90: dondoo za Maandiko, sala, na maagizo kwa watu wake. Alifariki mwaka 1928. Jumuiya ya Abayudaya iko mpaka leo pale Nabugoye, mwendo mfupi kutoka mjini Mbale.

Nimemtaja Kakungulu kwanza kwa sababu alikuwa na kitu ambacho waandishi wengi wanaonijia na miswada hawana. Aliwajua wasomaji wake. Aliweza kuwataja kwa majina, alijua wanakaa kilima gani, wanakutana siku gani, na kwa nini wanakihitaji kitabu hicho. Gharama ya kukichapa ilikuja baada ya hayo. Siku hizi mambo yanakwenda kinyume. Mtu anamaliza kuandika, anauza ng'ombe au anachukua mkopo wa chama, anapanda gari kwenda Barabara ya Nasser kule Kampala, anarudi na maboksi. Ndipo anapoanza kujiuliza nani atakisoma.

Msimamo wangu leo ni mmoja. Mwandishi anayejichapishia hajamkwepa mchapishaji, amejiajiri katika kazi ya mchapishaji, na kazi hiyo ina sehemu nyingi kuliko uchapaji. Kwa mtu wa Jinja au Mbale, sehemu ya uchapaji ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Mitambo ipo, mafundi wapo, na simu ya mfukoni inaweza kutuma faili Kampala kabla chai haijapoa. Zinazotushinda ni mbili: uhariri kabla ya mtambo, na uuzaji baada yake.

Kwanza nieleze kwa nini watu wetu wanalazimika kujichapishia, maana wapo wanaodhani ni dalili ya mswada dhaifu. Wachapishaji wa Uganda wanaishi kwa vitabu vya shule. Mchapishaji anayeajiri wahariri na kulipa kodi ya ofisi anahitaji kitabu ambacho Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala kimekiidhinisha, kinunuliwe na serikali na shule kwa maelfu. Ukimpelekea tawasifu ya muuguzi mstaafu wa Jinja, au mashairi ya Lumasaaba, au historia ya ukoo mmoja wa Bugabula, anaweza kukipenda kwa moyo wote na bado akakirudisha. Hesabu yake haimruhusu. Simlaumu.

Zamani palikuwa na chombo kilichoweza kubeba hasara ya namna hiyo. Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki lilianzishwa mwaka 1948, likachapa vitabu katika lugha nyingi za eneo hili, vikiwamo ambavyo hakuna mfanyabiashara angevigusa. Hapa Jinja tunalo deni kwake. Mwaka 1960 lilitoa tafsiri ya Kiingereza ya historia ya Busoga iliyoandikwa na Y. K. Lubogo, mmoja wa viongozi wa Busoga wa enzi ya ukoloni, na kazi ya kutafsiri ilifanywa na kamati ya fasihi ya Jimbo la Mashariki. Mtafiti yeyote wa historia ya Busoga leo hukutana na jina la Lubogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lile nalo likafa, na huku kwetu likaacha pengo. Huko kwenye pengo hilo ndiko wanakoandikia watu wetu.

Nikiambiwa kwamba kujichapishia ni kazi ya waliokataliwa, humtaja Shaaban Robert. Hakuna anayefundisha Kiswahili popote duniani asiyemjua. Alizaliwa Tanga mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani serikalini karibu maisha yake yote, akaandika usiku. Baadhi ya vitabu vyake vilichukuliwa na wachapishaji wa Uingereza: Kusadikika kilitolewa na Nelson mwaka 1951, Adili na Nduguze na Macmillan mwaka uliofuata. Vingine vilikaa. Kufikirika, alichokiandika katika miaka ya 1940, kilitoka mwaka 1967, yeye akiwa amekwisha kufariki miaka mitano nyuma. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizochapishwa mwaka 2002, zinamwonyesha mtu anayehangaika na miswada na fedha huku akisukumana na wachapishaji walio mbali naye. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichoka kungoja. Akaanzisha palepale Tanga jina lake la uchapishaji, Art and Literature, na chini ya jina hilo vikatoka vitabu kama Masomo Yenye Adili na Insha na Mashairi.

Tafakarini hilo. Mwandishi mkuu kuliko wote wa lugha yetu, akiwa na miaka karibu hamsini, alilazimika kuwa mwandishi, mchapishaji na muuzaji kwa wakati mmoja. Vitabu alivyojitolea mwenyewe vilichukuliwa baadaye na wachapishaji wakubwa, vikasomwa mashuleni. Mimi naona huzuni katika habari hiyo, kwa sababu saa alizotumia kufukuzana na wachapaji ni saa ambazo angeziandikia. Lakini aibu siioni.

Baada yake walikuja wengine. David Maillu wa Kenya alianzisha Comb Books mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akatoa vijitabu vidogo vya kuingia mfukoni kuhusu pombe, mapenzi na maisha ya makarani wa mjini. Wahakiki wa vyuo vikuu walimkemea, na Tanzania ikapiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976, lakini vilinunuliwa na watu ambao hawakuwahi kununua riwaya maishani. Maillu alikuwa amechunguza kwanza watu wanataka kusoma nini, kisha akaandika. Comb Books ilianguka kabla muongo haujaisha, naye akaanza upya kwa jina jingine. Dar es Salaam, Ben Mtobwa aliunda Heko Publishers akazitoa humo riwaya zake za upelelezi. Na kwa upande wetu, kamusi ya Minah Nabirye, Eiwanika ly'Olusoga, inayoeleza maneno ya Lusoga kwa Lusoga yenyewe, ilitoka mwaka 2009 kwa Menha Publishers, nyumba ndogo ya vitabu vya Lusoga. Wachapishaji wa vitabu vya kiada hawangeweza kuisimamisha kamusi hiyo kwa faida. Sasa ipo, na msomi anayetaka kuandika Lusoga sanifu ana pa kuanzia.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Nimekuja na karatasi moja kubwa. Naikunja mara moja: imekuwa na kurasa nne. Naikunja tena: kurasa nane. Mara ya tatu: kurasa kumi na sita. Mtambo wa ofseti huchapa karatasi kubwa namna hii, kisha hukunjwa, mikunjo ikapangwa, ikabandikwa au kushonwa na kukatwa kingo. Kwa hiyo kitabu cha ofseti huhesabiwa kwa mikunjo ya kumi na sita. Mwandishi mwenye kurasa 130 atalipia mikunjo tisa, yaani kurasa 144, na kumi na nne zitakuwa tupu. Akifuta aya mbili na kupunguza nafasi mwanzo wa sura, atashuka hadi 128, mikunjo minane kamili. Hiyo ni pesa aliyoiokoa kwa kalamu nyekundu. Mwulizeni mchapaji wenu anatumia mkunjo wa kurasa ngapi kabla hamjakubaliana bei, maana ipo mitambo midogo inayochapa nane nane.

Na hiki hapa ni kitabu kilichochapwa kwa haraka katika mmojawapo wa miji yetu. Jalada linang'aa, picha ni nzuri. Nakifungua katikati na kukilaza mezani. Mnasikia? Gundi imepasuka. Ukurasa wa 41 huu mkononi mwangu. Mwandishi wake ni mtu mzima, mwalimu aliyeheshimika, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Walimrudishia vitabu kwa adabu, mmoja mmoja. Kwa tofauti ndogo tu ya bei angepata gundi bora, au uzi. Kabla hujalipa salio, omba nakala moja iliyokamilika, ilaze mezani, ikunje hata mgongo uinamie nje. Ikistahimili, lipa.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi nimezibuni kwa ajili ya mfano, bei za kweli mtazipata kwa kuuliza wachapaji watatu tofauti. Tuseme uhariri unagharimu shilingi milioni moja na laki mbili, kupanga kurasa na jalada laki sita. Gharama hizo hazibadiliki uchape nakala kumi au elfu kumi. Ukienda ofseti, ongeza sahani za uchapaji, tuseme laki saba, kisha karatasi, wino na ubandikaji kwa shilingi elfu tano kila nakala. Ukichapa elfu moja, jumla ni milioni saba na nusu. Kila nakala imekugharimu 7,500. Unaambiwa uiuze elfu ishirini, unaona utajiri.

Sasa chukua njia ya pili, uchapaji wa dijitali. Hauhitaji sahani, lakini kila nakala ni ghali zaidi, tuseme elfu tisa. Unachapa mia mbili tu. Jumla ni milioni tatu na laki sita, na kila nakala imekugharimu elfu kumi na nane. Inaonekana ni ujinga. Fundi wa ofseti atakucheka.

Lakini waandishi wawili hawa wote wameuza nakala 180. Yule wa mia mbili amepata milioni tatu na laki sita, fedha yake imerudi yote na amebaki na nakala ishirini. Yule wa elfu moja amepata kiasi hichohicho, anadai ulimwengu milioni tatu na laki tisa, na ana nakala 820 chini ya kitanda. Mvua za Mbale zikija kutoka mlima Wanale, unyevu unapanda kwenye maboksi yaliyowekwa chini sakafuni. Nimeziona nakala za namna hiyo, kurasa zimejikunja, jalada limetoka madoa ya ukungu. Haziuziki tena hata kwa nusu bei.

Wengi wetu hatujui kama tutauza 180 au 1,800. Mtu asiyejua achape chache. Toleo la pili, uhariri na upangaji umekwisha kulipiwa, kila nakala itakugharimu elfu tisa tu, na hapo ndipo duka la vitabu linapoanza kuwa na maana. Kwa nini? Maduka yanachukua vitabu vyetu kwa mali kauli: unawaachia, wanauza, wanakata fungu lao, wanakulipa kilichobaki. Tuseme wanakata asilimia thelathini na tano. Katika elfu ishirini unabakiwa na elfu kumi na tatu. Nakala ya toleo la kwanza iliyokugharimu elfu kumi na nane utaiuza dukani kwa hasara ya elfu tano. Nakala ya toleo la pili itakupa faida ya elfu nne. Kwa hiyo toleo la kwanza liuzwe kwa mkono wako mwenyewe, kwa watu unaowajua na wanaokujua. Dukani peleka la pili.

Katika mfano ule nimeweka uhariri kuwa gharama kubwa kuliko jalada, na nimefanya hivyo makusudi. Ndugu zangu, hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo vitabu vyetu vinapofia. Mwandishi aliye tayari kulipa laki tano kwa jalada hukataa kulipa laki mbili kwa mhariri. Anasema mwanawe amesoma chuo kikuu, atapitia. Mwanawe anampenda, na mtu anayekupenda hasomi kilichoandikwa, anasoma ulichotaka kusema.

Nitoe mifano miwili kutoka kwenye miswada niliyoisoma. Katika wa kwanza, riwaya ya Jinja, mhusika mkuu anavuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls, anasimama katikati kutazama maji, na anaamua kumwacha mumewe. Ni ukurasa mzuri sana. Mwaka uliotajwa ni 1948. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1948 mama huyo angevuka kwa daraja la reli, lililokuwapo tangu 1931, au kwa njia nyingine, na wazee wa Jinja waliofanya kazi bwawani wangekifunga kitabu hapohapo. Katika mswada wa pili, kumbukumbu za familia ya Kimasaaba, mwandishi anasimulia jinsi mjomba wake alivyotahiriwa mwaka 1967. Ameeleza ngoma, unga uliopakwa mwilini, shangazi waliomsindikiza. Lakini imbalu, yaani tohara hiyo ya Kimasaaba, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Ama ilikuwa 1966, ama 1968. Tulipomwuliza mama yake, ilikuwa 1968, na mara tatu nyingine katika kitabu tarehe zikabidi zisogezwe, mojawapo ikihusu kuzaliwa kwa mwandishi mwenyewe.

Mhariri wa Kampala angeweza kuliona kosa la bwawa kwa kufungua kitabu cha marejeo. Lile la imbalu lilihitaji mtu wa Mbale. Ndiyo maana nasema tunahitaji wahariri wetu huku mashariki, wanaozijua lugha zetu na kalenda zetu, na wanaolipwa. Tunao walimu wa Kiswahili, wa Kiingereza, wa Lusoga na Lumasaaba waliostaafu wakiwa na macho makali. Tuna Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichoanzishwa Mbale mwaka 1988, chenye wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania ambao Kiswahili chao kinaweza kuunyoosha mswada wako. Waombe, na uwalipe. Mhariri asiyelipwa atasoma sura tatu za kwanza kwa bidii na zilizobaki kwa kuruka.

Jambo jingine ni mkataba na mchapaji. Usiseme "tunafahamiana." Andikeni: aina na uzito wa karatasi, idadi ya nakala, tarehe, kiasi cha malipo ya awali, nani atalipia kurasa zilizoharibika. Kisha andikeni kwamba faili zote, za kurasa na za jalada, ni mali ya mwandishi, na atakabidhiwa siku anapolipa salio. Namjua mwandishi aliyerudi baada ya miaka miwili kuchapa toleo la pili, akaambiwa kompyuta iliharibika na fundi aliyepanga kurasa amehama. Ilimbidi kitabu kizima kichapwe upya neno kwa neno kutoka kwenye nakala ya karatasi, na makosa mapya yakaingia.

Ya sheria ni machache na mepesi. Hakimiliki yako inaanza siku ulipoandika, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006, na inadumu maisha yako yote na miaka hamsini baada ya kufa kwako. Kuisajili katika Idara ya Usajili ya Uganda ni hiari, ila usajili unasaidia mkifikishana mahakamani. Namba ya ISBN hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda, na namba nyingi za nchi yetu zina tarakimu 9970 ndani yake baada ya 978. Omba moja kwa kitabu cha karatasi na nyingine kwa kitabu cha kielektroniki. Sheria ya Maktaba ya Taifa ya mwaka 2003 inakutaka uweke nakala huko, na Chuo Kikuu cha Makerere nacho ni maktaba ya amana tangu 1958. Wapo wanaoona nakala hizo ni ushuru. Mimi naziona ndizo nakala muhimu kuliko zote utakazochapa. Maboksi yakiungua au yakioza, hizo zitakuwapo, na mtu ambaye hajazaliwa ataweza kukusoma.

Sasa kuuza. Kitabu cha Mbale kinauzwa wapi? Watu watakwambia Kampala. Kampala ina maduka makubwa, na ina waandishi wengi wanaogombea rafu zilezile. Tazama ramani kwa macho ya mfanyabiashara wa vitunguu. Kutoka Mbale, Bungoma ni karibu kuliko Kampala. Wabukusu wa Bungoma na Wamasaaba wa upande wetu ni ndugu waliogawanywa na mpaka, wana tohara moja na majina ya koo yanayofanana. Kitabu kuhusu mila za mlima Masaba kina wasomaji pande zote mbili za mpaka wa Lwakhakha. Kikiwa kwa Kiswahili, mwalimu wa Bungoma atakinunua bila kusita. Na mwaka wa imbalu, mwezi wa Agosti, umati unapokusanyika Mutoto kwa ufunguzi, wanakuja wana wa nyumbani kutoka Kampala, Nairobi na ng'ambo, wakiwa na fedha na hamu ya kujua asili yao. Nimewaona wakinunua fulana, kofia na vuvuzela. Meza ya vitabu sikuiona.

Jinja kuna wageni wanaokuja kuona chanzo cha Nile, na maduka ya Main Street yanawauzia vikapu na vitenge. Mgeni anayeulizia kitabu kuhusu mji huu, kuhusu maduka yale ya Wahindi ya zamani, kuhusu viwanda vilivyofungwa na watu waliovifanyia kazi, anapewa ramani. Kitabu hicho hakijaandikwa, au kipo kwenye daftari la mmoja wenu humu ukumbini. Kwa wasomaji walio mbali, pesa kwa simu imetatua jambo lililomsumbua Shaaban Robert: mtu wa Soroti anakulipa asubuhi, unampa kondakta wa basi bahasha, jioni kitabu kinapokelewa stendi. Weka daftari la majina na namba za walionunua, kwa ridhaa yao. Hao ndio watakaolipia toleo la pili kabla halijachapwa.

Na Kiswahili? Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kukifanya lugha rasmi na kuhimiza kifundishwe mashuleni, na mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekiweka darasani. Walimu wanatafuta vitabu vya ziada ambavyo mtoto wa Iganga au Kapchorwa atajiona ndani yake. Kwa sasa wanasoma kuhusu Mombasa na Dar es Salaam, vitabu vizuri, nami navipenda. Lakini mtoto wa Jinja ambaye hajawahi kuona jahazi hupita kando ya Nile kila siku akienda shule. Nani atamwandikia? Nyumba za vitabu za Nairobi hazitamwandikia, na za Kampala zinangoja idhini.

Si lazima kila mtu afanye haya peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 wanawake waandishi wa Uganda walijikusanya wakaunda FEMRITE. Kuanzia mwaka 1998 jina hilo lilitoa riwaya za Mary Karooro Okurut, Ayeta Anne Wangusa na Goretti Kyomuhendo, kazi ambazo leo zinafundishwa vyuoni. Hadi sasa wana kikao cha Jumatatu, ambapo mtu husoma kazi yake mbele ya wenzake na kuambiwa ukweli. Kikao hicho kina thamani kubwa kuliko mtambo. Waandishi watano wa Jinja wakigawana mhariri mmoja, mpangaji kurasa mmoja na safari moja ya kwenda kuchukua vitabu, gharama ya kila mmoja inashuka. Wakikosoana kwa haki kila wiki, vitabu vyao vitakuwa bora hata kabla mhariri hajalipwa. Na kama mswada wako unaweza kuchukuliwa na mchapishaji mwema, mpelekee kwanza. Jennifer Makumbi alikuta wachapishaji wa Uingereza wanaikataa riwaya yake, Kintu. Ikashinda shindano la miswada la Kwani Trust ya Nairobi mwaka 2013, ikatoka mwaka uliofuata, na dunia nzima ikaisoma. Kujichapishia ni njia mojawapo, na ni nzuri kwa mwenye msomaji aliye karibu na subira ya kufanya kazi ya watu wanne.

Nina maombi matatu, mawili kwa waandishi na moja kwa wenye madaraka. Mwenye mswada ampe wiki hii mtu mmoja asiye ndugu wala mwanafunzi wake, pamoja na kalamu nyekundu na ahadi ya kutokasirika. Mwenye kitabu kilichokwisha kuchapwa apeleke nakala mbili Maktaba ya Umma ya Jinja na mbili ile ya Mbale, hata kama vitabu vyenyewe vina miaka kumi sasa. Na wakuu wa majiji haya mawili, yaliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, tunawaomba watenge katika bajeti ya maktaba zao fungu dogo la kununua kila kitabu kinachoandikwa na mkazi wa eneo lao, nakala tano tano, kwa bei kamili.